Baba Mkwe Wodini

Jumatatu, 3 Machi

Mvua tangu alfajiri. Kuni mbichi, moshi tele, macho yanawaka. Nimepika uji wa ulezi, nikautia maziwa, nikampa Asajile ampelekee baba yake. Mzee amekunywa nusu bakuli. Siku hizi nusu bakuli ni habari njema.

Asajile ni shemeji yangu, mdogo wa mume wangu. Amehamia kwetu tangu saratani ya tezi dume ilipoingia kwenye mifupa ya mzee na miguu ikagoma. Yeye ndiye anayemwogesha, anayemgeuza, anayemlisha. Mimi napika na kufua, mwisho wangu mlangoni. Mkamwana wa Kinyakyusa haingii alipo baba mkwe wake. Hamtazami usoni, haongei naye, halitaji jina lake. Hata humu siliandiki, na hakuna atakayesoma humu.

Tangu nilipoolewa hapa Ikuti, mzee namjua kwa kikohozi. Akitaka kupita anakohoa, mimi najibanza mahali mpaka apite. Akiwa na la kuniambia analiambia hewa: "Watu wa jikoni, nguo zinalowa." Natoka mbio kuanua nguo. Ndivyo tulivyoishi, na kusema kweli tumeelewana kuliko ninavyoelewana na wengi ninaowatazama usoni.

Mashati ya shule ninayowashonea watu bado sijamaliza. Kola zimenishinda leo. Cherehani nayo ina baridi.

Alhamisi, 6 Machi

Sista Neema amekuja. Ni muuguzi wa tiba shufaa, wale wanaowafuata nyumbani wagonjwa ambao madaktari wameshasema hawatapona. Huleta dawa ya maji ya maumivu, anaangalia vidonda vya mgongoni, anakaa. Kukaa ndiko anakokujua hasa. Leo amekaa na mzee mpaka nikasikia mzee anacheka. Sikumbuki mara ya mwisho alicheka lini.

Kabla pikipiki ya Sista haijapotea kwenye kona, Mama Subira akaingia uwanjani. Jirani yangu, mwenyekiti wa akina mama kanisani. Alikuja kumwona mgonjwa. Alisimama hapo na mwavuli wake, akaangalia chumba cha mzee, akaniangalia mimi.

"Mama Lusajo, kwa hiyo mmeamua akae tu hapa? Hata dripu hana?"

Nikamweleza kwamba madaktari walishasema. Akasema, "Aa, madaktari." Kisha akashusha sauti: "Mimi sisemi kitu, ila watu wanaongea."

Hakusema wanaongea nini. Hakukuwa na haja. Mkamwana amemchoka mkwe. Mume yuko safarini, mke anasubiri shamba la chai.

Nimeshindwa kula. Nimeona aibu kama mtu aliyekamatwa na kuku wa jirani, na kuku mwenyewe sijamgusa.

Jumamosi, 8 Machi

Nilishuka Tukuyu kununua vifungo na uzi. Wanakwaya wawili walikuwa dukani wanaongea, nilipoingia wakanyamaza. Inawezekana walikuwa wamemaliza maongezi yao. Sikuamini hivyo hata kidogo.

Jioni nikampigia mume wangu, Baba Lusajo. Yuko njiani na fuso la ndizi kwenda Dar. Nikamwambia baba yake amezidiwa. Nikamwambia dawa za kuletewa na pikipiki si matibabu, apelekwe hospitali kubwa. Akauliza, Sista anasemaje? Nikamwambia Sista kazi yake kuleta dawa tu. Nikasikia lori likinguruma, kisha akasema, "Basi fanyeni mnavyoona."

Mzee hajazidiwa. Leo amekula ndizi mbili na parachichi.

Asajile alipomwambia habari za safari, mzee alijibu, "Hapa panatosha." Asajile akaja jikoni kunieleza. Nikamwambia wagonjwa wote husema hivyo, tukiwasikiliza watafia mikononi mwetu. Nilivyolisema hilo mtu angedhani nimesomea udaktari.

Jumatatu, 10 Machi

Tumempeleka. Tulikodi Noah, tukang'oa viti vya nyuma, tukatandika godoro. Nilimwambia dereva apitie njia ya kanisani. Si njia fupi. Ina mashimo kuliko ile nyingine. Lakini Jumatatu asubuhi akina mama wanafanya usafi kanisani, na nilitaka watuone.

Wametuona. Mama Subira alipunga mkono. Na kila shimo mzee aliguna.

Mimi nilikaa mbele, kanga kichwani mpaka kwenye nyusi, sikugeuka safari nzima.

Hospitali ni kubwa kweli. Amelazwa wodi ya wanaume, kitanda cha karibu na dirisha. Wakamtundikia dripu. Niliichungulia nikiwa mlangoni na moyo ukatulia. Ningekuwa na simu nzuri ningeipiga picha.

Jumatano, 12 Machi

Asajile analala chini ya kitanda cha baba yake. Mimi niko nje, kwenye banda la ndugu wa wagonjwa, napika na wenzangu kwa zamu. Baridi inatoka kwenye sakafu inapanda hadi kiunoni.

Asajile anasema vitanda vimebanana, hakuna pazia kati ya kimoja na kingine. Anayefariki anafariki huku jirani yake anakula wali. Wauguzi ni wachache na hawakai kitako. Si watu wabaya. Mmoja alimletea mzee blanketi la ziada bila kuombwa. Lakini dawa ya maumivu inasubiri daktari apite, na daktari anasubiri upasuaji uishe. Nyumbani maumivu yakianza kunyemelea, Asajile huwa ameshashika chupa.

Nimeuliza kama tulikosea. Nimejiuliza mwenyewe, maana hakuna mwingine wa kumuuliza. Nikajijibu kwamba tumpe muda.

Alhamisi, 13 Machi

Leo nimefanya jambo baya. Naliandika lote.

Asubuhi walimpigia Asajile. Ng'ombe wetu anazaa, ndama amekaa vibaya, na fundi wa mifugo hawezi peke yake. Akaondoka, akasema atarudi jioni. Nilikuwa na nafasi ya kumwomba mwanaume yeyote pale bandani asimame badala yake. Kulikuwa na mzee wa kanisa kutoka Lupepo anayemuuguza kaka yake, mtu mwema, angekubali. Sikumwomba. Nilijiambia hii ni hospitali, mila tumeziacha getini. Nilijiona mtu wa kisasa sana.

Muuguzi akaita ndugu wa mzee wa dirishani. Nikaingia.

Alikuwa amejichafua. Muuguzi akanipa beseni na glovu, akasema, "Msafishe baba yako, mama, mimi nina wagonjwa wodi nzima." Akaenda. Nikamfunua.

Alinitazama. Ndiyo mara ya kwanza macho yetu kukutana. Ana macho ya mume wangu, yale yale, nami sikuwahi kujua. Halafu akavuta shuka akafunika uso. Shuka halikutosha kufunika kwingine.

Nikamwosha. Nilimwosha vizuri, taratibu, kama nilivyowaosha wanangu. Shuka lililokuwa usoni lilikuwa likitikisika. Nikajua analia, nikaendelea kusugua. Kitanda cha pili kulikuwa na kijana aliyevunjika mguu, akageuza kichwa upande mwingine. Kijana wa watu alikuwa na adabu kuliko mimi.

Nilipotoka na beseni muuguzi akanisifu. Na mimi, Mungu anisamehe, kwa dakika chache nilijisifu pia.

Sasa ni jioni na sijui niuweke wapi uso wangu.

Ijumaa, 14 Machi

Mzee hali chakula. Asajile amerudi, ndama amepona, mama yake pia. Alikuja na maziwa mabichi ya nyumbani akidhani baba yake atafurahi. Mzee amefunga mdomo. Kijiko kinafika kwenye midomo kinarudi. Ameugeukia ukuta.

Asajile ananiuliza jana kulitokea nini. Nimemwambia hakuna kitu.

Jumamosi, 15 Machi

Wamempitishia mpira puani. Akauchomoa. Wakaupitisha tena, akauchomoa tena. Mara ya tatu wakamfunga mikono na bendeji kwenye vyuma vya kitanda, asiuguse.

Daktari alituita nje akatueleza. Kijana mpole, lafudhi ya kanda ya ziwa, anasema shikamoo kwa kila mtu. Mgonjwa asipokula lazima alishwe, akasema. Labda ugonjwa umemfika kichwani, akasema, ndiyo maana anakataa. Kwa anachokijua yuko sahihi kabisa. Asichokijua nakijua mimi.

Neno lilikuwa mdomoni. Ni mimi, daktari. Mzee hana kichaa, ana aibu. Nikasema, "Sawa, daktari."

Kwa nini? Niliogopa atacheka. Msomi wa watu, nianze kumweleza mambo ya wakwe na wakamwana katikati ya korido. Na nilimwogopa Asajile zaidi. Na zaidi ya yote nilikuwa najionea huruma mwenyewe, huku mtu amefungwa mikono kwa ajili yangu.

Jumapili, 16 Machi

Akina mama wa kanisa wamekuja baada ya ibada. Basi dogo zima. Mama Subira mbele na kikapu cha machungwa. Waliingia wawili wawili, wakaiona dripu, wakauona mpira, wakaiona mikono. Wakatoka wanafuta machozi.

Mama Subira akanikumbatia mbele ya wote. "Kweli mwenzetu unampigania mkweo."

Nikasema asante.

Basi. Hilo ndilo nililolifuata huku na nimelipata. Mzee wa watu alikuwa anakula parachichi nyumbani kwake akimsikiliza Sista anavyochekesha. Mimi nikamtoa, nikampitisha kwenye mashimo, nikamvua nguo, nikamwacha afungwe kama mwizi, ili Mama Subira anikumbatie. Najichukia.

Jumatatu, 17 Machi

Nimesema.

Nilienda nyuma ya kufulia, kwenye kamba za mashuka, nikampigia Sista Neema. Nikamweleza yote, hata njia ya kanisani. Nilitaka anigombeze. Hakunigombeza. Aliuliza jambo moja: "Mzee mwenyewe alitaka kuwa wapi?"

Nyumbani, nikasema.

"Na mlilijua hilo?"

Tangu siku ya kwanza.

Akasema nimpe jina la daktari, atampigia. Akaniambia pia nimweleze Asajile leo hii, asisikie kwa mwingine.

Asajile nilimwambia pale pale kwenye mashuka, nikiangalia ndala zangu. Aliuliza, "Wewe? Ukamwona?" Nikaitikia kwa kichwa. Akaondoka. Sikumwona mpaka mchana. Nilipochungulia wodini, mikono ya mzee ilikuwa imefunguliwa na mpira haupo, na Asajile amekaa pembeni amemshika kiganja, wala hakunitazama.

Jumatano, 19 Machi

Tumerudi Ikuti.

Daktari alitupa dawa za kutosha na barua ya kumpelekea Sista. Wakati wa kuagana alinivuta pembeni. Nilijua sasa ndipo atakaponicheka. Akasema, "Mama, mngeniambia tu. Ningemtafuta muuguzi wa kiume." Akasema pole. Kwao pia wakwe wana heshima zao, kumbe. Hakuna alichoweza kusema kikaniuma kama hicho. Siku zote zile ilikuwa sentensi moja tu.

Tumepita njia fupi. Dereva akauliza, leo si ya kanisani? Nikajifanya sijasikia.

Jumamosi, 22 Machi

Anakula. Kijiko kimoja, viwili, anapumzika, kingine. Sista Neema amemfundisha Asajile kumlowanisha midomo kwa pamba, na kumlaza ubavu na mto katikati ya magoti. Hapa kila jambo linafanyika na mlango umerudishwa. Anaoshwa na mwanawe, dirisha limefunikwa kanga, na sisi wengine tuko mbali. Nikilinganisha na kule, sisemi kwamba huku tuna ujuzi zaidi. Kule walijua mambo mengi na hapa tunajua machache. Lakini hapa mtu anaugua akiwa bado ni baba wa nyumba.

Sista anasema hatuko mbali na mwisho. Amesema hivyo kwa sauti ya kawaida, kama anayesema mvua itaendelea.

Mzee hajaniambia hewani neno lolote tangu turudi. Hakuna "watu wa jikoni". Hata akikohoa ni kikohozi cha ugonjwa. Nakaa jikoni nimetega sikio kama mjinga.

Jumatatu, 24 Machi

Nilimwomba Asajile anifikishie kwa baba yake kwamba naomba radhi. Amekataa. Hakukataa kwa hasira, tumeshaanza kuongea tena. Akasema, "Shemeji, utaanzia wapi? Ukiomba radhi umemkumbusha. Ni kama unamvua tena."

Anasema kweli. Kosa lenyewe halisemeki mbele yake. Kwa hiyo nitakaa nalo, na yeye ataondoka nalo, na hatutajua.

Nimeshona mashati kumi bila kuinua kichwa. Mikono ikishughulika, angalau kichwa kinanyamaza.

Alhamisi, 27 Machi

Mama Subira, na mwavuli wake. "Mbona mmemrudisha tena, jamani?"

Nilikuwa na nafasi ya kusema mzee alitaka kwake. Maneno matatu. Nikasema daktari ndiye aliyeamua. Nikamtwika yule kijana mpole, aliyeniambia pole.

Sijajifunza chochote.

Jumatano, 2 Aprili

Mchana Asajile alikwenda kusaga mahindi. Mvua ikamkuta huko, na kijito cha pale chini kikafurika juu ya daraja la miti. Akanipigia kwamba hawezi kuvuka, anazunguka kwa barabara kubwa. Nikamwambia asijali, mzee amelala.

Hakuchelewa kuamka. Kwanza kuguna. Kisha akaanza kumwita mama yake kwa Kinyakyusa, mtu mzima mwenye wajukuu. Sijawahi kusikia sauti ile ikitoka kwake, hata kule hospitali. Dawa iko kwangu jikoni. Tangu turudi huwa naipima mimi, Sista alinionyesha alama kwenye kibomba cha kupimia, Asajile anapeleka.

Nilikimbia kwa majirani upande wa juu, nitafute mwanaume yeyote. Mlango umefungwa, wako Kisiba msibani. Upande wa chini kuna bibi tu, na kutembea ni shida. Nikarudi nimelowa chapachapa. Mzee bado anaita.

Nilisimama nje ya mlango wake na kikombe cha dawa. Nikasema moyoni, ukiingia unamwua, usipoingia unamwua. Kule nilikuwa na watu wa kuwaomba, sikuomba. Leo sikuwa naye hata mmoja.

Nikajifunika kanga kichwa chote, nikaivuta mpaka kidevuni, sioni kitu. Nikaugeuzia mlango mgongo. Nikaingia kinyumenyume, napapasa kwa kisigino, kizingiti, mkeka, mguu wa kitanda. Nikanyoosha mkono nyuma na kikombe.

Akanyamaza.

Nilisimama. Mkono ukachoka, nikahofia dawa itamwagika. Nikafikiri amefunga mdomo tena kama kule, na safari hii hatakuja mtu wa kumfungua. Nilitaka kusema kitu na sikuthubutu. Mvua tu kwenye bati.

Kisha kikombe kikawa chepesi. Amekichukua. Nikasikia anameza, taratibu, mara mbili. Halafu kikombe kikagongwa kwenye ubao wa kitanda, ko, ko. Nikafungua kiganja nyuma yangu, kikawekwa. Vidole vyake havikunigusa.

Nikatoka nikitangulia na uso. Jikoni nikakaa chini kwenye majivu na kulia mpaka Asajile akafika na gunia limelowa. Nikamwambia nilichofanya. Akasema, "Kinyumenyume?" Nikasema ndiyo. Akaingia kwa baba yake, akatoka, akasema amelala.

Sijui kama nimemwondolea aibu au nimemwongezea.

Jumatatu, 7 Aprili

Mzee amefariki leo asubuhi. Asajile alikuwa amemshika mkono. Sista Neema alikuwa amelala hapa kwetu, alikuja jana jioni alipoona hali. Hakukuwa na mpira wala kamba. Aliomba mlango uachwe wazi asikie ng'ombe, akawasikia, akaacha kupumua.

Mimi nilikuwa nakoroga uji. Asajile akaja akasimama kwenye mlango wa jiko. Nikaendelea kukoroga mpaka ukaiva, nikauepua. Ndipo nikalia.

Baba Lusajo yuko njiani.

Alhamisi, 10 Aprili

Tumemzika. Watu wengi mno, uwanja haukutosha. Ng'ombe wawili wamechinjwa.

Mjomba wa mume wangu alisoma historia ya marehemu. Alizaliwa wapi, alibatizwa lini, alipanda chai miaka gani. Akafika kwenye ugonjwa, akapaza sauti: familia haikukaa kimya, ilimkimbiza mzee hospitali kubwa, akawekewa dripu, akawekewa mpira, akapiganiwa kwa kila namna. Watu wakaguna kwa kuridhika. Mama Subira alinitikisia kichwa kutoka upande wa kwaya. Halafu Mjomba akataja kwamba mkamwana alikaa bandani kwenye baridi siku zote zile. Watu wakageuka kunitazama. Nilikaa nimeinamisha kichwa, wakadhani ni huzuni.

Siku zake za nyumbani hazikusomwa. Sista Neema alikuwa nyuma kabisa, karibu na migomba, anashikilia watoto wa watu.

Usiku wa leo nimemweleza mume wangu kila kitu. Akanyanyuka akaenda kumwangalia ndama. Aliporudi akasema, "Nilisikia kwenye sauti yako kwamba hajazidiwa. Nikaona bora nisiulize." Kisha: "Usimwambie mtu."

Sitamwambia. Lakini nimejua kwamba aibu hii sikuwa nayo peke yangu, na haijapungua kwa hilo.

Jumapili, 27 Aprili

Leo jua limetoka. Wageni wa msiba wameisha. Baba Lusajo amerudi barabarani.

Nimeingia chumbani kwa mzee kufanya usafi. Sasa naruhusiwa, hakuna wa kumwonea haya. Siku ile ya dawa nilikuwa nimejifunika, sikuona chochote. Leo nimeona kitanda kimekaa vibaya. Kichwa kiko upande wa dirisha, miguu ukutani. Anayelala pale anatazama ukuta wa udongo mtupu.

Dirisha lile linatazama uwanja wetu, na juu yake mlima Rungwe. Miaka yote kitanda kililielekea, mzee aliupenda mlima wake. Ndiyo maana mimi nikitoka kisimani sikatizi uwanjani, asinione. Nazunguka nyuma ya jiko, kwenye tope la migomba, na ndoo kichwani. Wiki zile za mwisho nimezunguka mara nyingi kuliko wakati wowote, na mvua ile, nimeanguka mara mbili.

Asajile alikuwa anatengeneza bawaba ya mlango. Nikamuuliza nani aligeuza kitanda.

Akaacha nyundo. "Mwenyewe aliagiza, siku ile tuliyorudi kutoka hospitali. Alisema mkamwana amechoka sana, apite tu uwanjani, yeye atatazama ukuta." Akajikuna kichwa. "Alisema nikuambie. Nikasahau, shemeji. Nisamehe."

Nikamwambia hakuna neno. Akauliza kama akirudishe kilivyokuwa. Nikasema kiache hivyo kwanza.

Nimefagia, nimefungua dirisha, nimetoa godoro juani. Jioni nimekwenda kisimani. Wakati wa kurudi nimepita uwanjani, polepole, na ndoo yangu.